Pumba za Singida na Vifuko vya London

Kwenye mashine ya kusaga nafaka mjini Singida, kabla mahindi yako hayajamwagwa, mwenye mashine hukuuliza swali moja: "Nikoboe, au nisage hivyo hivyo?" Ukisema koboa, debe lako litazaa vitu viwili. Cha kwanza ni sembe, nyeupe pee, utakayoibeba kwenda nyumbani. Cha pili ni pumba, zitakazokwenda kwa mfugaji. Zikiishia kwenye banda la kuku hazijapotea, maana kuku wa Singida hawahitaji sifa zangu. Abiria wa mabasi ya Mwanza wanawajua.

Swali hilo la sekunde mbili lina historia iliyopita mbali sana na mashine. Imepita wodi za Mulago kule Kampala, meli ya kivita ya Uingereza, na chumba kimoja cha eksirei ambako kinyesi cha wanavijiji wa Uganda kilipigwa picha kikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Ni historia ya ugonjwa wa utumbo mpana uitwao divetikulosisi. Madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki waliuelewa kwa namna ya ajabu: hapa waliutafuta, na hawakuukuta.

Tyubu na tairi

Utumbo mpana ni bomba lenye urefu wa karibu mita moja na nusu. Ndani una ngozi laini, na nje ya ngozi hiyo kuna misuli inayobana na kuachia ili kusukuma uchafu kuelekea njia ya haja kubwa. Misuli hiyo ina matundu madogo, kwa sababu mishipa ya damu lazima ipenye kwenda kulisha ngozi ya ndani. Penye tundu pana udhaifu. Shinikizo la ndani likizidi kwa miaka mingi, ngozi ile hutokeza nje kupitia udhaifu huo, kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza pale tairi ilipochanika. Hapo hupatikana kifuko, kwa kawaida chenye upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja. Mtu anaweza kuwa na kimoja, anaweza kuwa na mia. Wazungu huvipata zaidi upande wa kushoto chini, pale utumbo unapojikunja kabla ya kufika mwisho. Watu wa Asia Mashariki huvipata zaidi upande wa kulia.

Kuwa na vifuko tu ndiko kunakoitwa divetikulosisi, na wengi wenye navyo hawatajua mpaka wanaingia kaburini. Kifuko kikivimba na kuwaka, jina hubadilika na kuwa divetikulitisi, na hapo ndipo mtu hujikunyata kitandani akishika tumbo. Majina yote mawili yanatokana na neno la Kilatini lenye maana ya njia ya kuchepukia kando ya barabara kuu. Waliolichagua waliona mbali, maana kifuko ni mchepuko, na kinyesi kilichochepuka humo huenda kisipate njia ya kurudi.

Mfaransa Alexis Littré alivitaja vifuko vya namna hii mwanzoni mwa karne ya 18, akiviona kama kioja. Mwaka 1849 Mfaransa mwenzake, Jean Cruveilhier, alivieleza kwa makini zaidi. Mwaka 1899 Mjerumani Ernst Graser alieleza jinsi vinavyowaka na kuuharibu utumbo, na mwaka 1907 William Mayo wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa waliokatwa sehemu ya utumbo kwa ajili hiyo. Kisha ikaja eksirei pamoja na uji wa bariamu unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na ghafla vifuko vikawa vinaonekana kwa watu walio hai. Kioja cha Littré kikawa ugonjwa wa kila siku katika hospitali za Ulaya na Marekani.

Madaktari wakatafuta tiba kwa akili ya kawaida. Kama utumbo umechubuka, walisema, usiusugue. Wagonjwa wakapewa mkate mweupe, viazi vilivyopondwa na supu iliyochujwa, wakakatazwa maganda, mbegu na kila kitu kigumu. Ushauri huo ulidumu karibu miaka hamsini. Wagonjwa walizidi kuongezeka, na choo chao kilizidi kuwa kigumu.

Daktari aliyeona kisichokuwepo

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Hugh Trowell, aliwasili Kenya. Mwaka 1935 alihamia Uganda, na kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha na kutibu Mulago. Jina lake linakumbukwa zaidi kwa kazi yake juu ya kwashiakoo, ugonjwa wa watoto waliokosa lishe. Lakini alikuwa na tabia nyingine iliyokuja kuzaa matunda baadaye. Daktari hufundishwa kuona kilichopo mbele yake. Trowell alizoea kuandika pia kisichokuwepo.

Wodi zake zilijaa malaria, kifua kikuu, minyoo na utapiamlo. Zilikosa maradhi aliyoyasoma chuoni Uingereza: mishipa ya moyo kuziba, mawe ya kibofu cha nyongo, kidole tumbo, na vifuko vya utumbo mpana. Mwaka 1956, baada ya karibu miaka thelathini ya kazi Afrika Mashariki, yeye na mwenzake waliona inafaa kuandika makala nzima juu ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 1960 kitabu chake *Non-Infective Disease in Africa* kilikusanya maradhi yasiyoambukiza ya bara hili, na yale yaliyokuwa adimu yalipewa uzito wake. Kisha akarudi kwao, akawa kasisi wa Kianglikana. Orodha yake ya visivyokuwepo ilibaki ikimsubiri mtu.

Mtu huyo alikuwa mpasuaji mwenye jicho moja. Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwaka 1911, alipoteza jicho la kulia utotoni kwa ajali. Alifika Uganda mwaka 1946, akapangiwa Lira kaskazini, na miaka miwili baadaye akahamishiwa Mulago. Mwaka 1957 alianza kuwaona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya, na mwaka uliofuata akachapisha taarifa juu ya saratani ambayo leo inabeba jina lake.

Alichotaka kujua ni kitu rahisi: saratani hii inaishia wapi? Mwishoni mwa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaondoka Kampala kuelekea kusini hadi Afrika Kusini na kurudi. Ilikuwa safari ya kilomita 16,000 hivi kwa majuma kumi, na walipita karibu hospitali 60, wakionyesha picha za watoto wagonjwa na kuuliza, "Mmewahi kuona hii?" Jibu la "hapana" lilikuwa na thamani sawa na jibu la "ndiyo". Palipokosekana uvimbe palichorwa kwenye ramani sawasawa na palipopatikana.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966 akiwa na mazoea hayo na urafiki na madaktari wa hospitali za misheni barani kote. Kila mwezi aliwaandikia barua zenye maswali. Mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa kitu hiki? Na wa kile?

Pumba ndani ya meli ya vita

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Burkitt alikutanishwa na mawazo ya Thomas Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cleave alihudumu kwenye manowari *King George V*. Mabaharia walikaa baharini muda mrefu wakila chakula laini, na wengi wao hawakupata choo. Cleave aliagiza magunia ya pumba za ngano yapakiwe melini, akawa anawagawia wanajeshi. Wenzake wakampa jina la utani la mtu wa pumba. Choo kikapatikana.

Kutoka kwenye magunia hayo Cleave alijenga hoja pana: binadamu alipojifunza kukoboa nafaka na kuchuja sukari, alijizulia kundi zima la maradhi. Hakuwa mtafiti wa chuo kikuu, na wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza. Maradhi aliyoyataja Cleave yalikuwa yale yale aliyokuwa akiulizia Afrika na kujibiwa kwamba hayapo.

Mtu wa tatu alikuwa Neil Painter, mpasuaji wa London. Katika miaka ya 1960 Painter aliingiza vipimo vya shinikizo ndani ya utumbo mpana wa wagonjwa, akaona jinsi vifuko vinavyozaliwa. Utumbo unapokosa kitu cha kushika hujibana vipande vipande, kila kipande kikawa chumba kilichofungwa pande zote mbili, na ndani ya chumba hicho shinikizo hupanda mno. Jaribu kubana dawa ya meno iliyobaki kidogo kwenye tyubu, kisha ubane iliyojaa. Iliyojaa haihitaji nguvu. Kinyesi kingi na laini husukumwa kirahisi, na kidogo na kigumu hulazimisha misuli ikamue.

Mwaka 1971 Painter na Burkitt waliandika pamoja makala katika *British Medical Journal*. Walisema kwamba mwaka 1900 ugonjwa huu ulikuwa adimu hata Ulaya, na kwamba uliongezeka baada ya vinu vya chuma vya karne ya 19 kuanza kutoa unga mweupe wa bei nafuu. Kwa maoni yao haukuwa ugonjwa wa uzee. Waliuita ugonjwa wa upungufu, kama kiseyeye kinavyotokana na upungufu wa vitamini C, na kilichopungua ni nyuzinyuzi za chakula, zile ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita makapimlo.

Mwaka uliofuata ushahidi uliwekwa mezani, kwa maana halisi ya neno. Burkitt, Painter na Alec Walker wa Afrika Kusini waliwapa watu wa mataifa mbalimbali punje 25 za plastiki zinazoonekana kwenye eksirei, wazimeze. Kisha kila choo kilikusanywa kwenye mfuko, kikapimwa uzito na kupigwa picha, mpaka punje nyingi zionekane zimetoka. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa wastani wa gramu 104 kwa siku, na chakula kilitumia saa 83 kusafiri toka mdomoni hadi chooni. Wanavijiji wa Uganda, walaji wa vyakula vya shambani visivyokobolewa, walitoa gramu 470, na safari yao ilichukua saa 36.

Burkitt hakuona haya kulizungumza. Alizunguka dunia akitoa mihadhara na kuonyesha picha za vinyesi mbele ya maprofesa waliovaa tai, akiwaambia kwamba nchi yenye vinyesi vidogo inahitaji hospitali kubwa. Mwaka huo huo wa 1972 Painter na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapa pumba wagonjwa 70 wa vifuko. Kila mmoja alianza na vijiko vichache kwa siku, akaongeza kidogo kidogo mpaka choo kikapita bila kukamua. Kwa wengi mno, maumivu yalipungua au kuisha. Miaka hamsini ya mkate mweupe na supu ya kuchuja ikafutwa na kitu ambacho kwetu kilikuwa chakula cha kuku.

Wakati huo, Singida

Tuirudishe hadithi nyumbani. Nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu ni uwanda wa juu, wenye mvua haba na mawe makubwa yaliyokaa kama yaliwekwa na mtu. Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu muda mfupi kabla ya uhuru na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1970, aliwakuta wakulima wa uwele na mtama waliorutubisha mashamba kwa samadi ya ng'ombe. Nafaka iliyozidi ilibadilishwa kuwa mifugo, na mifugo ikawa heshima ya mtu. Unga ulisagwa juu ya jiwe. Ugali wake ulikuwa mweusi mweusi, mzito, ukisindikizwa na mlenda, majani ya kunde au maziwa ya mgando.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Bibi zetu nao walitwanga kinuni, wakapepeta kwa ungo na kumwaga wishwa. Wao pia walipenda unga mlaini pale walipoumudu. Lakini kinu cha mti hakina nguvu ya kuuvua mtama nguo zote, na mlo haukuwa ugali peke yake. Kunde, choroko, viazi vitamu, mlenda, ubuyu na matunda ya porini vilileta nyuzinyuzi zake.

Mahindi yalikuja kuusukuma uwele pembeni, na baada ya mahindi yakaja makoboleo. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967 vinu vikubwa vya nafaka vilitaifishwa, na Shirika la Taifa la Usagishaji likaanza kupeleka sembe mpaka kwenye maduka ya mbali. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulileta mahindi ya njano ya msaada, na watu wakauita unga wake "Yanga" kwa rangi ya jezi, jina lisilo na sifa ndani yake. Sembe nyeupe ikawa alama ya kutoka, ya mjini, ya mtu mwenye nafasi. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ikaachiwa shule za bweni, magereza na kambi. Mpaka leo kuna kijana aliyemaliza kidato cha sita na kuapa kutoigusa tena maisha yake yote.

Ndivyo ilivyotokea kwamba katika miongo ile ile ambayo London ilikuwa inaandikiwa pumba kwa karatasi ya daktari, Singida ilikuwa inajifunza kuzitoa.

Historia inajisahihisha

Ingekuwa hekaya, ningeishia hapa na kumwambia msomaji ale dona. Lakini sayansi haikuishia hapo.

Kwanza, maneno "hakuna Afrika" yalianza kupata nyufa. Mwaka 1979 *British Medical Journal* lile lile lilichapisha taarifa ya J. F. Calder juu ya vifuko vya utumbo kwa Waafrika, iliyotoka katika kazi yake ya eksirei Nairobi. Mwaka 2002 jarida la *African Health Sciences* lilichapisha uchunguzi wa ugonjwa huo Kampala, mji ule ule wa Trowell na Burkitt. Ghana na Nigeria nako waliandika. Sehemu ya mabadiliko hayo ni chakula, na sehemu ni umri, maana vifuko huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na katika nchi za Magharibi karibu nusu ya watu wenye miaka 60 na zaidi wanavyo. Mulago ya mwaka 1940 haikuwa na wazee wengi waliopimwa. Kisichotafutwa kwa chombo sahihi hakionekani, hata kama kipo.

Pili, nyuzinyuzi zenyewe zilikosolewa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwachunguza kwa kamera watu 2,104, wakakuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache kuliko wenzao. Walikuwa navyo zaidi kidogo. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu 47,033 ulionyesha kwamba wasiokula nyama walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 31 ya kulazwa au kufa kwa ugonjwa huu. Ukiziweka pamoja tafiti hizo mbili unapata picha iliyo aminifu zaidi kuliko ya 1971: huenda pumba hazizuii kifuko kuzaliwa, lakini zinaonekana kumkinga mwenye nacho asiugue. Tafiti za mapacha wa Sweden na Denmark zikaongeza kwamba karibu nusu ya mwelekeo wa kupata ugonjwa huu hurithiwa. Uvutaji wa sigara, unene, kukaa tu na dawa fulani za maumivu navyo vina sehemu yake.

Tatu, mlo wa nyuzinyuzi nyingi nao una gharama yake. Hospitali za Afrika Mashariki zimezoea dharura ambayo Ulaya huiona mara chache zaidi: utumbo mpana mrefu na mzito unaojisokota kama kamba na kuziba. Wapasuaji wameihusisha tangu zamani na milo ya makapi mengi. Hakuna chungu kisicho na masizi.

Kuna pia majirani zetu ambao sayansi imewarudia tena na tena. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wanafika mpaka Munguli katika Wilaya ya Mkalama, humu humu mkoani. Hula mizizi, ubuyu, matunda, asali na nyama, na inakadiriwa kwamba hupata gramu 100 na zaidi za nyuzinyuzi kwa siku, wakati Mmarekani wa kawaida hupata 15 hivi. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa matumbo ya Wahadzabe 27 na ya Waitaliano 16. Mwaka 2017 jarida la *Science* lilichapisha uchambuzi wa sampuli 350 za vinyesi kutoka kwa Wahadzabe 188, na likaonyesha kwamba jamii za bakteria hao hubadilika kwa majira: wengine hutoweka masika, kisha hurudi kiangazi. Watu wa mizani na mifuko ya plastiki wamerudi Afrika Mashariki, safari hii wakitafuta viumbe wanaokula makapi tunayoyaita uchafu.

Mgonjwa wa leo

Sasa tuseme mtu mzima wa Ikungi au Iramba anaumwa tumbo chini upande wa kushoto. Ana homa kidogo, na choo kimefunga au kimelegea. Mtaani ataambiwa ni chango, ni amiba, ni taifodi, ni ngiri. Mengine kati ya hayo yanaweza kuwa kweli, ndiyo maana inafaa apimwe na daktari kabla ya kunywa dawa ya kuharisha au kupigwa bomba. Tumbo lililowaka halihitaji kusukumwa.

Ikithibitika ni divetikulitisi nyepesi, tiba yake leo ni ya upole kuliko zamani. Mgonjwa hupumzika, hunywa vya kutosha, hula vyakula laini kwa siku chache na kupewa paracetamol. Tafiti kubwa za Sweden mwaka 2012 na Uholanzi mwaka 2017 zilionyesha kwamba wagonjwa wengi wa hali nyepesi hupona bila antibayotiki, ingawa uamuzi huo ni wa daktari aliyemshika mgonjwa. Dawa kama ibuprofen na diklofenaki, zinazouzwa kama pipi kwenye maduka ya dawa, zafaa ziepukwe, kwa kuwa huongeza hatari ya kifuko kutoboka au kutoa damu. Homa kali, kutapika, tumbo kuwa gumu kama ubao, au mkojo unaotoka na hewa ni dalili kwamba jipu, tundu au njia isiyo halali imetokea ndani. Hapo ni hospitali mara moja, na huenda kisu kikahitajika.

Kuna pia damu. Kifuko hukaa kando ya mshipa, na mshipa ukichanika damu hutoka nyingi na kwa ghafla, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kwa walio wengi hukatika yenyewe, lakini hakuna anayeweza kulijua hilo akiwa nyumbani. Huku kwetu damu chooni hupewa jina moja, bawasiri, na mwenye nayo hununua dawa ya kupaka na kunyamaza. Bawasiri ipo, ndiyo, lakini damu hiyo hiyo inaweza kuwa ya vifuko, na inaweza kuwa ya saratani ya utumbo mpana. Kuzitofautisha kunahitaji kamera au picha ya CT, na kutoka Singida hilo laweza kumaanisha rufaa hadi hospitali kama Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, mwendo wa karibu kilomita 240. Hata aliyepona divetikulitisi hushauriwa kupimwa kwa kamera baada ya majuma sita hadi manane, ili kuhakikisha hakuna saratani iliyojificha nyuma yake.

Tumbo likishatulia, ndipo pumba hurudi. Dona, mtama, uwele, maharage, kunde, viazi vitamu, mboga za majani na matunda vinaweza kumfikisha mtu kwenye gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Aongeze taratibu kwa majuma kadhaa, la sivyo tumbo litajaa gesi na ataichukia dona kwa mara ya pili. Anywe maji, maana makapi makavu bila maji ni tofali. Atembee, aache sigara, apunguze kitambi. Na kwa mkoa wa alizeti na karanga kuna habari njema: lile katazo la zamani la mbegu, karanga na bisi halina msingi. Mwaka 2008 utafiti uliofuatilia wanaume 47,228 wa Marekani kwa miaka mingi haukuona kwamba walaji wa karanga na bisi waliugua zaidi.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Jedwali lake la mwaka 1972 lingali linanukuliwa, na ndani yake wanavijiji wa Uganda wamo kama mstari mmoja wa tarakimu bila jina. Walimeza punje, wakajisaidia kwenye mfuko, wakamkabidhi mgeni, na kwa kukubali kwao dunia ikajifunza. Sisi wajukuu wa majirani zao tunaingia chumba cha daktari, tunaulizwa, "Choo chako kikoje?", tunatazama sakafu na kujibu, "Kizuri tu." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Trowell alihesabu kisichokuwepo kwa sababu wodini hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Damu inayoitwa bawasiri na kunyamaziwa pia haiingii kwenye hesabu ya mtu yeyote, na siku moja atatokea daktari mwingine, atasoma daftari zetu, na kuandika kwamba Singida ugonjwa huu haupo.